Shahidi wa Nyumba za Rwezamenyo

Mtaani kwetu Rwezamenyo, mjini Kigali, nyumba haikuwa imeuzwa mpaka Shahidi aizunguke mkono wake ukiwa ukutani. Muuzaji na mnunuzi wangeweza kupatana bei, wakaandikiana karatasi mbele ya majirani, hata kreti ya fanta ikaletwa. Lakini kama mzee yule hajapita, watu walisema bado, hao wanazungumza tu. Alianzia mlangoni. Aliweka kiganja cha kushoto kwenye ukuta, akaenda polepole kuizunguka nyumba, muuzaji na mnunuzi wakimfuata nyuma kimya kama watoto wa chuo cha Kurani. Kila alipofika pembeni alisimama akataja kwa sauti: hapa inapakana na fulani, choo kimo ndani ya kiwanja, mparachichi ni wa nyumba hii lakini matawi yakiangukia kwa jirani, parachichi zile ni za jirani. Akirudi mlangoni alikung'uta vumbi la udongo, na hapo ndipo chupa zilipofunguliwa.

Jina alilopewa na wazazi wake wachache walilitumia. Tulimwita Shahidi, na mkewe alikuwa Mke wa Shahidi, na paka wao alipoiba nyama jikoni kwangu nilimwita mwizi wa Shahidi, naye mzee akacheka hadi akakohoa, akaniletea nyama nyingine mchana ule ule.

Kazi iliyomlisha ilikuwa magodoro. Alishona ya usufi kwa wenye nacho na ya majani makavu ya migomba kwa sisi wengine. Vitanda vya kwetu viliundwa na kila fundi kwa kipimo chake, kwa hiyo ilibidi aitwe nyumbani kupima. Ndivyo alivyoingia vyumba vya kulala vya mtaa mzima. Alijua ukuta upi umepasuka na umefichwa kwa kanga, alijua mume yupi analala sebuleni, na hakusema. Ukimchokoza atoe siri moja tu, angalau ndogo, alikuuliza kama godoro lako halijaanza kubonyea. Mimi nilikuwa na duka dogo la vitambaa, kuta zetu zikiachana upenyo wa mtu mmoja kupita, na kitambaa cha magodoro alikichukua kwangu. Nilimsikia akikohoa asubuhi, naye alinisikia nikigombana na wateja. Hatukuhitaji kujuliana hali.

Kilichomfanya mtu kama yeye ahitajike ni mutasiyo. Hivyo ndivyo tulivyoiita kodi ya kuhamisha nyumba, ile inayolipwa ofisini ili jina la anayeuza lifutwe na la anayenunua liandikwe. Usipoilipa, nyumba uliyoinunua na kulala humo miaka inabaki ya mtu mwingine kwenye vitabu vyao. Watu wa ofisini walitueleza kwamba mwenye kulipa ni mnunuzi. Sisi tulijua inavyokwenda. Mnunuzi aliipiga hesabu mutasiyo kwanza, akaikata kwenye bei, na aliyebaki na pengo ni yule aliyeuza. Na nani kwetu aliuza nyumba kwa raha? Watu waliuza kwa sababu ya ugonjwa, au ndugu wamefiwa na wanataka kila mmoja fungu lake, au duka limekufa. Ukiwa tayari umebanwa, inakuja serikali kuchukua kipande kwa sababu umebanwa. Nikilifikiria jambo hilo hasira inanipanda mpaka leo, na sina hata nyumba ya kuuza.

Kwa hiyo tulikwepa, na mwalimu wetu wa kukwepa alikuwa yeye. Alisema nyumba haina miguu, basi inahamia wapi hata itozwe kodi ya kuhama. Alisema ofisi haijawahi kulala kwenye godoro lolote mtaani hapa, itajuaje nani anaishi wapi. Karatasi ya mkono, mashahidi wawili wa upande huu na wawili wa upande ule, na yeye kuzunguka: basi. Watu walitoka hata mtaa wa Kimisagara kuja kumchukua akawashuhudie. Hakudai chochote. Alikunywa fanta yake ya machungwa, akarudisha chupa, akaenda zake.

Na mtu huyo huyo ndiye alikuwa wa kwanza mtaani kulipia kibati cha kodi ya baiskeli kila mwaka, akikizungushazungusha mbele ya vijana ili wakione. Mtu huyo huyo alinirudishia kipande cha kitambaa kisichofika hata urefu wa mkono, akisema kilizidi kwenye godoro la mteja na yule mteja hakitaki. Nilimuuliza siku moja anawezaje kuwa mwaminifu kiasi hicho na bado awafundishe watu kuikimbia kodi. Aliniangalia kama vile nimeuliza swali la kitoto. Akasema kitambaa kina mwenyewe, lakini ile kodi inachukua kwa mtu siku anayolia. Nikamwambia hata mimi nachukua kwa watu siku wanayolia, nauza sanda. Akasema sanda angalau wanaondoka nayo.

Mkewe alitoka Ujiji. Alikuja Kigali akiwa mwari, akimfuata mume wa ukoo uliokuwa ukifanya biashara huku na kule, na miaka yote niliyomjua aliiita Kigali "huku kwenu". Baridi ya huku kwenu. Samaki wa huku kwenu, ambao kwake hawakuwa samaki. Alikuwa na dada zake kule, wazee kama yeye, na Shahidi alimwahidi siku ya ndoa kwamba mvi zikiota atamrudisha. Mvi ziliota. Alimkumbusha kwa namna yake: akiwa anasuka mkeka kibarazani alimwita mumewe aje amtazame kichwa, aone kama kuna chawa. Mzee alijua anaambiwa nini. Alimpapasa nywele zile nyeupe akasema chawa hamna, bado kidogo.

Vita vilipoanza mwaka wa tisini vilikuwa mbali, upande wa mpakani, lakini vilikaa mezani kwa kila mtu. Sukari ikawa shida, vizuizi barabarani vikaongezeka, na watu wakaanza kutazamana vitambulisho kabla ya kutazamana nyuso. Miguu ya mke wa Shahidi ilianza kuvimba wakati huo. Daktari alisema ni moyo. Yeye alisema ni Ujiji, na akataka aende angali anaweza kupanda gari mwenyewe. Mzee alikubali. Njia ingekuwa ya Rusumo, wavuke mpaka wa nchi, washuke hadi Ujiji ziwani. Kilichobaki ni kuiuza nyumba, maana nje ya nyumba ile hawakuwa na kitu isipokuwa cherehani na usufi.

Kabla hajaanza kutafuta mnunuzi likatokea jambo la mjane wa Kimisagara. Mama huyu aliuza mkaa, alikuwa amenunua vyumba viwili kwa karatasi ya mkono, na Shahidi alivizunguka. Aliyemuuzia akafa. Watoto wa marehemu wakaja wakasema baba yao alipangisha tu. Katika mashahidi wengine mmoja alikuwa kaburini, mmoja Zaire, na waliobaki walikuwa wamenunuliwa. Shahidi alivaa kanzu yake ya Ijumaa akaenda ofisini kusema. Alisema yote, hadi ufa wa dirisha la nyuma. Yule ofisa hakuwa mtu mbaya, mzee mwenyewe alikiri. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Mzee, mimi nakuamini. Lakini kitabu hakikujui."

Mjane alitolewa na sufuria zake. Godoro alilobeba kichwani alilishona Shahidi kwa mikono yake. Mzee alirudi, akakaa kibarazani bila kugusa sindano, na nilipompelekea chai aliniambia kwamba miaka yote aliwapa watu kichwa chake wakidhani amewapa nyumba.

Basi alipompata mnunuzi wake mwenyewe hakutaka kusikia habari ya karatasi ya mkono. Mnunuzi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mkristo mpole aliyepanga chumba upande wa pili wa barabara, ana mke na hawajapata mtoto. Watu wa aina yake walishaanza kuogopa, maana kitambulisho chake kilikuwa na lile neno la kabila lililowafanya wanajeshi wa kizuizini wamweke kando. Nilimwambia siku moja dukani kwamba watu wanakimbia, yeye ananunua. Akasema mtu mwenye nyumba hawezi kufukuzwa kirahisi kama mpangaji. Alikuwa anaamini kweli.

Mwalimu alishangaa kuambiwa mambo ya ofisi. Nilikuwepo. Alisema kwa Kiswahili chake cha shule na mitaani, "Mzee, wewe iko Shahidi. Karatasi ya serikali ya nini tena? Zunguka tu, nikulipe, muende."

"Nikishaenda Ujiji," mzee akamjibu, "akija mtu kusema nyumba si yako, utanifuata huko? Mimi hapa ni muuzaji. Siwezi kukuuzia nyumba halafu nikuachie na kichwa changu ambacho naondoka nacho."

Ikawa hivyo. Wakaenda ofisini pamoja, na huko ndiko kosa la mtaa wetu wote lilipomwangukia yeye. Kitabu kilisema nyumba ni ya mpishi fulani wa zamani sana. Mpishi alimuuzia fundi baiskeli, fundi baiskeli akamuuzia Shahidi, na hakuna kati yao aliyewahi kupeleka mutasiyo. Ofisi ilitaka kodi ya kila uhamisho uliorukwa, mmoja baada ya mwingine, ndipo ifike kwa mwalimu. Na ilitaka warithi wa mpishi waje wakubali. Mwalimu alikuwa ameshatoa alichonacho, hakuwa na zaidi. Yote yalikuwa ya muuzaji kubeba. Mzee alicheka aliporudi, kicheko ambacho sikukipenda. Alisema amelipishwa ada ya masomo yote aliyowafundisha watu.

Miezi ikapita akitafuta warithi. Mmoja alipatikana Rebero, mwingine huko mashambani, anataka kwanza apewe chake. Mkewe alikuwa amefunga sanduku la bati na kulisogeza mlangoni. Kila aliyeingia alijikwaa hapo. Alimruhusu kila mtu ajikwae. Kuna siku nilikaa naye nikimkanda miguu, ikawa imejaa maji, ukibonyeza kidole alama inabaki. Nikamwambia amlazimishe mzee auze tu kama watu wote walivyouza. Akasema, "Maisha yote amewapitisha watu dirishani. Zamu yangu imefika, anataka tutoke kwa mlango." Hakusema kwa hasira. Nadhani alimwonea fahari, na nadhani pia alijua kwamba fahari hiyo itamgharimu Ujiji.

Mutasiyo ililipwa yote baada ya Ramadhani ya mwaka wa tisini na nne. Kilichosalia kwenye bei ya nyumba kilitosha nauli na chakula cha siku chache. Mkewe aliuliza huko Ujiji watakula nini. Samaki, akasema mzee, na wote wawili walicheka, na mimi upande wangu wa ukuta nikacheka peke yangu. Mwalimu alileta kitanda chake kipimwe, maana godoro jipya lilikuwa zawadi ya mzee kwake. Ofisini waliwaambia hati yenye jina jipya itatoka baada ya Pasaka. Mimi nilikwenda Gisenyi kumuuguza mama mkwe, nikaaga nikijua nikirudi nitamkuta mwalimu ng'ambo ya ukuta wangu. Nilimbusu mke wa Shahidi mkono. Alinuka karafuu.

Pasaka ikapita, na hati haikutoka.

Yaliyotokea Rwezamenyo mauaji yalipoanza sikuyaona, na walioyaona hawapendi kuulizwa. Najua haya. Mwalimu na mkewe walikimbilia kwa Shahidi, kwenye nyumba ambayo ilikuwa yao, akawaweka chumba cha nyuma kati ya magunia ya usufi. Walikaa siku kadhaa. Wauaji walipokuja waliuliza nyumba hii ni ya nani, na mzee akajibu ni yangu, hamna mtu mwingine ndani. Katika maisha yake hiyo ndiyo mara pekee aliyosema uongo juu ya nyumba, na haukusaidia. Waliwatoa. Hakuwahi kunisimulia zaidi ya hapo, nami sikumwomba. Mke wa Shahidi alikufa mvua za Mei, bila dawa, akiwa amelala kwenye godoro jipya la mwalimu. Barabara ya makaburini haikupitika. Alimwosha mwenyewe pamoja na jirani mmoja mwanamke, akamvika sanda iliyotoka kwenye mabaki ya duka langu, akamzika nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa miyenzi, ile minyaa inayopandwa kuwa uzio.

Niliporudi kutoka Goma, tulikokimbilia tukitoka Gisenyi, vita vimekwisha na mji umejaa watu nisiowajua, nilimkuta kibarazani. Kanzu hakuwa nayo, amevaa koti la mtu mwingine, lakini kofia ilikuwa ile ile. Mlango wa nyumba ulikuwa umeibwa, na mabati ya upande mmoja. Tulishikana mikono na hatukuachiana haraka. Nikalia mimi, yeye hakulia. Aliniambia deni la kitambaa cha sanda lipo. Nilimwomba anyamaze.

Siku hizo wakimbizi wa zamani waliorudi kutoka Uganda walikuwa wanatafuta nyumba. Mmoja wao, mtu wa adabu na gari yake, alimjia Shahidi mara kadhaa. Alitaka kununua, alipe pale pale. Ofisi ilikuwa magofu, vitabu vimetawanywa, hakuna wa kuuliza mutasiyo, na risiti ya mzee ilikwenda na sanduku la bati lilipoporwa. Hakuna mtu duniani aliyeweza kuthibitisha kwamba nyumba ile si yake. Mzee alimwambia si yake. Yule bwana akasema majirani wote wanasema ni yako. Mzee akasema majirani wote wamekosea.

Mimi nilimkasirikia. Nilimwambia auze, achukue hizo pesa, aende kwa shemeji zake akafie penye watu. Nikamwambia mwalimu mwenyewe, Mungu amrehemu, angemruhusu.

"Nimeshaiuza, mwanangu," akasema. "Hii ndiyo nyumba pekee niliyowahi kuishuhudia ikauzwa sawasawa." Alitazama mlango uliokuwa hauna mlango. "Ningeiuza kama tulivyozoea, mke wangu angekuwa Ujiji. Miguu yake ingekuwa imevimba vile vile, lakini angekuwa Ujiji. Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Ilikuwa kweli. Nilitamani iwe uongo. Nilikaa naye hadi jua lilipohamia upande mwingine wa barabara, na moyo ukaniuma kwa ajili ya mtu ambaye alifanya jambo moja kwa usahihi na likamwondolea kila kitu.

Alikuwa ametuma habari kwa watu wa kanisa wamtafute mtu yeyote wa ukoo wa mwalimu. Akapatikana dada, mwanamke wa umri wangu aliyenyolewa nywele, amefika kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Ilikuwa kabla tu ya mzee kupata lori la kumfikisha Rusumo, aende zake Ujiji. Dada yule alisimama barazani hataki kukaa.

"Mzee, mi nilikuja kutafuta kaka yangu," akasema. "Nyumba sikuja kutafuta."

"Kaka yako alinunua nyumba, na kodi yake ililipwa," Shahidi akamwambia. "Njoo nikuonyeshe."

Kisha akaniita mimi. Alisema yeye ni muuzaji, anahitaji shahidi, na katika wote waliobaki mtaani mimi ndiye niliyekuwepo tangu mwanzo. Akanishika mkono wa kushoto akauweka ukutani. Udongo ulikuwa na joto la jua. Tukaanza kwenda, mimi mbele, yeye nyuma yangu, dada wa mwalimu nyuma yake. Pembe ya kwanza alinitajia jirani tunayepakana naye, nikarudia kwa sauti. Alikuwa ameuawa jirani huyo, na nyumba yake imekaliwa na wageni. Tulimtaja hivyo hivyo. Pembe ya pili tukataja choo, na mparachichi, na parachichi ambazo ni za jirani.

Tulipofika nyuma mkono wake ulikuwa begani kwangu.

"Upande huu inaishia kwenye miyenzi," akasema. "Na ndani ya miyenzi kuna mke wangu."

Nilishindwa kurudia. Akamgeukia dada wa mwalimu. Akamwambia kwamba aliuza kabla mkewe hajafa, kwa hiyo amemzika kwenye kiwanja cha watu bila ruhusa, na kwamba hana haki yoyote hapo, anaomba tu asihamishwe.

Dada yule alitazama ule udongo uliotuna kidogo, na mawe aliyouzungushia. Akachuchumaa, akang'oa majani machache yaliyoanza kuota juu yake.

"Asihame," akasema. "Mi sina mtu tena, mzee. Nitakaa na yeye."

Hapo ndipo Shahidi alipolia. Alilia akiwa amesimama, kofia mkononi, na sisi hatukumzuia. Alipomaliza alinigusa bega akaniambia hatujafika mlangoni. Nikarudisha mkono ukutani, tukapita pembe iliyobaki hadi tulipoanzia, akataja, nikarudia. Nilikung'uta vumbi kama alivyokuwa akifanya. Fanta hazikuwepo mji mzima. Nilikwenda nyumbani kwangu nikaleta maji kwenye kikombe cha bati, nikampa kwanza mwenye nyumba, kisha mzee, nikamalizia mimi, na nyumba ikawa imeuzwa.